Pete ya Mzee Merv Iligoma Kutoka

Niliwahi kuona pete ya ndoa ikining'inia kwenye bolti, inameremeta kwenye jua la asubuhi, na mwenye pete amesimama chini yake anaitazama.

Halii. Hapigi kelele. Anaitazama tu, kama mtu aliyesahau koti lake kwenye msumari.

Halafu akautazama mkono wake.

Hapo ndipo kelele zilipoanza, na hazikuwa zake. Zilikuwa zangu.

Nitaeleza tangu mwanzo, maana jambo hili kila nikilikumbuka napandwa na hasira upya, na safari hii nimeamua niliandike liishe.

Naitwa Zella Pavone. Ni injinia wa usalama katika kiwanda cha sukari, mji mdogo unaitwa Corella Creek, kaskazini mwa Queensland, huku kwenye miwa, mvua na mbu.

Kazi ya usalama ni kazi ya kuchukiwa. Mtu akiumia, wewe ndiye uliyezembea. Mtu asipoumia, wewe ndiye unayewapotezea watu muda.

Nilishazoea. Helmeti walivaa. Miwani walivaa. Viatu vya kazi walivaa, wakinung'unika.

Pete ndiyo iliyonishinda.

Ukiwaambia watu habari ya pete wanakutazama kama umeanza kuchanganyikiwa. Mtambo wa kusagia miwa una gia ndefu kuliko mtu, boila inanguruma mchana kutwa, mvuke unapita kila upande, halafu wewe unahangaika na kipete?

Mwaka ule, kabla msimu wa kusaga haujaanza, nikaomba kikao cha mainjinia. Hoja ilikuwa moja tu: ukivuka geti la kiwanda, pete isiwe kidoleni.

Tulikuwa wanne mezani.

Mimi.

Baz Koschel, injinia wa mitambo. Jamaa ana tumbo na ana mdomo, na mdomo ndio mkubwa zaidi.

Vinesh Lal, injinia wa umeme, Mhindi wa Fiji, mpole, mcheshi kwa chini chini. Alikuwa ametoka kuoa juzi juzi. Pete yake ya dhahabu bado alikuwa anaichezea kama mtu aliyepewa saa mpya.

Na mwisho wa meza, mzee Merv Hartigan, injinia mkuu. Mrefu, mkavu, nywele nyeupe pee. Kiwanda kile alikijua kama mtu anavyojua jiko lake gizani. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, kajinyonge.

"Nisikilizeni," nikaanza. "Pete haikatiki. Nyama ndiyo inayokatika. Pete ikinasa mahali, mwili wako mzima unaning'inia kwenye kidole kimoja. Ngozi inachomoka yote, kama soksi."

"Dada Zella, tunakula hapa," Baz akasema. Ana pai ya nyama mkononi.

"Kula. Nimekuzuia?"

"Mimi navaa glovu juu ya pete. Kuna ubaya?"

"Glovu inaificha pete isionekane. Haiizuii kunasa. Na glovu yenyewe ikishikwa na mtambo inaondoka na wewe."

"Loo! Basi tutembee uchi."

Vinesh akaingilia. "Baz, acha utani kidogo. Huku kwenye umeme ndio balaa kabisa. Pete ikigusa ncha ya betri huku umeshika chuma upande wa pili, inawaka nyekundu kama kaa la moto kabla hujasema neno. Utaivuaje? Imeshaiva na kidole. Nilimwona jamaa mmoja kwetu Fiji, mjini Lautoka, sitamsahau. Mimi namuunga mkono Zella."

"Unamuunga mkono na pete umevaa," Baz akamchoma.

Vinesh akacheka kwa aibu. "Kaka, mke wangu bado mgeni. Nikirudi kidole kitupu kwa hiari yangu, nalala sebuleni. Ila ikiwa ni amri ya kiwanda, nitamwambia nimelazimishwa. Nipeni amri tu, leo leo naivua."

Maneno hayo nilikuja kuyakumbuka mpaka yakaninyima usingizi.

Sasa mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuja na mguu wa kuku.

Nikauvisha pete ya bandia, nikaitundika pete kwenye ndoano, nikafunga tofali kwenye kucha za kuku, nikaachia.

Pwaa!

Ngozi ikabaki juu na pete. Mfupa ukaenda chini na tofali. Mweupeee.

Vinesh akageuza uso. Hata Baz aliacha kutafuna. Nikasema moyoni, leo ni leo, nimewapata.

Baz akameza. Akautazama ule mguu kwa huzuni.

"Maskini," akasema. "Na mume wake ameshapewa taarifa?"

Kicheko kilicholipuka pale, mpaka mtu akachungulia kutoka chumba cha pili. Vinesh mwenyewe, mtu wangu, anafuta machozi.

Mzee Merv peke yake hakucheka. Alisubiri watulie, akasema, "Zella, tumekusikia. Tutalizungumza msimu ukiisha."

"Mzee, watu wanaumia ndani ya msimu! Msimu ukiisha tutakuwa tunazungumza habari ya nani?"

"Msimu ukiisha."

"Basi nipe sababu moja."

"Hii pete nimeivaa tangu hujazaliwa. Hakuna ngazi ya kiwanda hiki sijaipanda nayo. Na kidole hiki hapa."

Akauinua mkono. Halafu akaurudisha haraka chini ya meza, kama aliyekumbuka kitu.

Kikao kikaisha hivyo.

Siku zilizofuata nilijaribu kila njia. Nikabandika picha za onyo ukutani. Baz na wenzake wakazichorea masharubu.

Nikaagiza pete za mpira, zile laini zinazokatika zenyewe zikivutwa, ili mwenye kuogopa mke wake avae hizo. Kesho yake nikamkuta Baz amezifungia nyaya za kompyuta yake.

"Nzuri sana hizi," akaniambia bila hata aibu. "Agiza nyingine."

Nikapewa na jina. Mama Pete. Nikipita karakana mtu anaficha mikono mgongoni, wenzake wanaangua kicheko. "Mama Pete, mimi mwema, sijaoa!"

Nikapiga simu makao makuu Brisbane. Wakaniuliza, injinia mkuu anasemaje? Nikawaambia amekataa. Wakasema, basi ongea na injinia mkuu.

Jamani.

Nikarudi kwa mzee Merv. Mara hii, mara ile. Kila nikiingia ofisini kwake anajua nimefuata nini, anatazama dirishani. Si mtu mkali, hilo nakiri. Akinikuta kwenye mvua alikuwa ananipa lifti. Lakini ukitaja pete, anakukaushia kama humo ndani hamna mtu.

Nikaanza kumchukia. Nasema ukweli. Nilikuwa nikimwona anavuka uwanja na ile hatua yake ndefu, najiambia, kizee kichwa ngumu hicho kitatuulia mtu kwa kiburi.

Msimu ukaanza. Kiwanda kikawaka. Mji mzima ukanuka sukari ya kuungua, treni za miwa zinaingia na kutoka, hakuna anayekumbuka tena habari ya mguu wa kuku.

Sasa sikia.

Asubuhi moja Vinesh alipanda kwenye kichwa cha treni ya miwa, imesimama kabisa, injini imezimwa, kuangalia taa ambayo dereva alilalamika haiwaki. Kazi ndogo. Akaitengeneza.

Mimi na Baz tulikuwa chini, tunabishana habari ya kitu kingine kabisa. Muda wa chai ulikuwa umefika.

"Vinesh!" Baz akaita. "Shuka, chai inapoa!"

"Nakuja, kaka!"

Akashuka ameipa treni mgongo, uso mbele, mkono umeshika chuma cha pembeni. Ngazi ya mwisho akairuka. Karuka kadogo, hata bibi yako angekaruka.

Kwenye kile chuma kulikuwa na bolti imetokeza kichwa.

Yaliyotokea nimeshayasema pale juu, na sitayarudia.

Hapakuwa na gia inayozunguka. Hapakuwa na umeme wala mvuke. Treni imesimama na mtu anakwenda kunywa chai. Ndiyo maana nilikuwa nawapigia kelele mwaka mzima! Mtambo kila mtu anauogopa. Kushuka ngazi nani anakuogopa?

Baz alivua shati akamfunga mkono. Mzee Merv alitokea mbio, umri ule, sijui nani alimwambia, akapiga magoti kwenye kokoto, akaushika mkono wa Vinesh akauinua juu, akaushikilia hivyo hivyo mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Na ni Baz, yule yule wa masharubu na pete za mpira, aliyepanda kuitoa ile pete na kilichokuwemo ndani yake, akakifunga kwenye mfuko safi na kuuweka juu ya barafu. Analia waziwazi, kama mtoto.

Walimpeleka hospitali kubwa ya Townsville kwa ndege. Madaktari walijitahidi walivyoweza. Kidole hakikupona. Wakakiondoa chote.

Nilimkuta mke wake, Roshni, kwenye korido ya hospitali. Mdogo, mwembamba, amekaa na mkoba mapajani. Nilimwandalia maneno mengi ya pole. Hakunipa nafasi.

"Dada, si mlikaa kikao?" akaniuliza.

"Tulikaa."

"Aliniambia. Alirudi akasema, Roshni, wakipitisha ile amri usije ukanikasirikia. Nikamwambia, kwa nini nikukasirikie? Vua hata leo. Akasema ngoja kwanza wapitishe, nisije kuwa peke yangu." Akanitazama usoni. "Mbona hamkupitisha?"

Mlishawahi kuulizwa swali mkatamani sakafu iwameze?

Kesho yake nikarudi kazini moja kwa moja ofisini kwa mzee Merv. Sikubisha hodi.

"Kidole cha Vinesh kiko wapi, mzee?"

Akaweka kalamu chini.

"Ulisema chako kipo. Cha Vinesh kiko wapi? Mtu aliomba amri! Aliiomba mbele yako, kwa mdomo wake! Ilikugharimu nini kusema ndiyo?"

Nilisema mengi. Nilimwita mwoga. Nilimwita mzee mbinafsi. Karakana nzima ilinisikia.

Alingoja nimalize. Macho mekundu, sura imeshuka. Akasema maneno machache tu.

"Amri itatoka kesho asubuhi."

Na kweli, kesho yake alisimama mbele ya watu wote uwanjani, helmeti mkononi, akatangaza. Kuanzia leo hakuna pete ndani ya geti. Injinia, fundi, mfagiaji, mgeni, wote.

Hakuna aliyecheka. Watu walianza kuvua pale pale. Wengine walitumia mate, wengine grisi. Baz aliivua yake kwa kuivuta na kuitukana mpaka ikatoka, akaitia kwenye kopo lake la chakula, akajifuta uso.

Halafu sauti ikatoka nyuma.

"Na yako je, bosi?"

Watu wote wakamgeukia.

Mzee Merv akautazama mkono wake. Na mimi, kwa mara ya kwanza, nikauona vizuri. Kifundo cha kidole kilikuwa kimevimba kwa baridi yabisi, kinene kama nati kubwa. Pete iko nyuma yake, imefungiwa ndani.

"Yangu haitoki," akasema.

"Basi ikatwe," nikasema mimi. Kwenye chumba cha huduma ya kwanza tulikuwa na kikatio kidogo cha pete, kazi ya dakika mbili.

"Nipe mpaka wiki ijayo, Zella."

Weee! Damu ilinipanda mpaka masikioni.

"Vinesh alipewa wiki?" Niliuliza kwa sauti, watu wote wanasikia. "Umetoka kusema wote. Hujamaliza hata kufunga mdomo, tayari wewe unataka muda?"

Nilimuumiza, niliona. Na wakati ule nilifurahi kumuumiza.

Akanisogelea, akasema taratibu, mimi tu nisikie. "Leo tukitoka kazini, chukua hicho kikatio. Twende mahali. Ukishaona, kata mwenyewe. Sitavuta mkono."

Nikaenda. Nimenuna, nimefunga mikono kifuani njia nzima, kikatio kwenye mkoba.

Alisimamisha gari mbele ya nyumba ya kulelea wazee, ile iliyo karibu na uwanja wa kriketi.

Jua lilikuwa bado halijazama. Barazani kulikuwa na viti vyeupe na wazee wamekaa wanapunga upepo. Mhudumu mmoja Msamoa, mama mnene mwenye sauti nzuri, anaitwa Sina, akatupokea.

"Mzee wangu! Leo umeniletea mgeni. Bibi yuko pale, amekula vizuri mchana, lakini leo hataki kuongea na mtu."

Pembeni kabisa alikaa bibi mdogo wa umbo, mnyoofu, kikapu cha nyuzi za kudarizi mapajani.

"Mke wangu," mzee Merv akaniambia. "Noeline."

Akakaa kando yake. "Hujambo, mpenzi."

Bibi akamtazama kama unavyomtazama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Hakuna kitu. Uso mtupu. Nilijisikia vibaya nikaangalia pembeni.

Halafu macho ya bibi yakashuka mpaka kwenye mkono wa mume wake. Kwenye pete.

Akabadilika pale pale. Mgongo ukanyooka, macho yakapata mwanga. Akaunyakua ule mkono, akauweka juu ya mapaja yake.

"Umeona?" mzee Merv akasema kwa sauti ya chini. "Mimi hanijui tena, Zella. Ugonjwa umemfutia kila kitu. Kuna kipindi alikuwa ananifukuza, ananiita mwizi, anapiga mayowe mpaka Sina anakuja kunitoa. Lakini pete anaijua. Akiiona tu, ananiruhusu nikae. Ananiruhusu nimlishe." Akamtazama mke wake. "Siku ulipoleta ule mguu wa kuku nilijua una haki. Usiku mzima nilijua una haki. Lakini ukiikata hii, mimi kwake ni nani?"

Hasira yangu haikuisha, ilikosa tu pa kukaa. Mbele yangu mzee anapoteza mke, Townsville kijana amepoteza kidole, na yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Utamlaumu nani hapo na upate raha?

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba injinia mkuu anahatarisha watu kwa sababu ya mapenzi?"

Wakati tunaongea, bibi Noeline alikuwa kazini. Alikata uzi mrefu kwenye kikapu. Akachukua pini ya nywele, akaupenyeza uzi chini ya pete, polepole, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Halafu akaanza kuuzungusha kwenye kidole.

Mzee Merv akatabasamu. "Kila jioni hivyo. Anaipamba. Ndio mchezo wetu huo."

Nikatazama.

Nikatazama tena.

Uzi ulikuwa unapanda kutoka kwenye pete kuelekea kwenye kifundo, mzunguko juu ya mzunguko, umebana, hakuna nafasi kati yake. Ncha moja ameiacha upande wa nyuma wa pete, ameishika kwa kidole gumba. Mtu anayepamba hafungi hivyo.

Alipofika kwenye kifundo, mzee Merv alikunja uso, akauvuta mkono. "Aa, hapo huwa panauma. Basi, mpenzi. Leo inatosha."

Uzi ukalegea wote. Bibi Noeline akafyonya. Akaegemea kiti, akamtazama kwa uchovu mkubwa.

Wenzangu, sura ile naijua. Ndiyo sura ninayoiona kwenye kioo nikitoka kikaoni.

"Mzee Merv," nikasema, "mama alikuwa anafanya kazi gani?"

"Nesi. Hospitali ya hapa hapa, chumba cha dharura, mpaka alipostaafu. Kila aliyeumia kiwandani alipita mikononi mwake."

"Aliwahi kukuambia uvue pete?"

"Ah!" Akacheka kidogo. "Tangu tuoane. Kila asubuhi nikitoka mlangoni, Merv, vua hiyo pete. Merv, leo nimemshona mwingine. Nilikuwa nambusu naenda zangu. Nilimwambia nitaivua siku nikitafuta mke wa pili."

Nikauokota ule uzi uliolegea.

"Mzee, mama haipambi hiyo pete. Anaivua."

Akanitazama hanielewi.

"Hivyo ndivyo wanavyofanya hospitali pete ikigoma. Uzi unakibana kidole kinakuwa chembamba, halafu wanavuta ile ncha ya nyuma, pete inapanda juu ya nyuzi inatoka. Nilifundishwa hivyo hivyo kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza. Hachezi na wewe. Kila jioni anakuona mgonjwa amemjia na pete imekwama, na kila jioni unamvuta mkono hajamaliza."

Mzee wa watu alibaki mdomo wazi.

Akamgeukia mke wake. Akamtazama muda mrefu. Kisha, taratibu, akaurudisha mkono mapajani kwake.

Bibi akakata uzi mwingine.

Pini. Uzi chini ya pete. Mzunguko, mzunguko, mzunguko. Akafika kwenye kifundo, akakaza. Jasho likamtoka mzee Merv kwenye paji la uso, meno ameyauma, mkono hautikisiki.

"Vumilia," bibi akasema. Ndilo neno la kwanza nililomsikia akisema. Sauti kavu, ya mtu aliye kazini. "Usinitazame mimi. Tazama dirishani."

Mbele yetu hapakuwa na dirisha; akatazama uwanja wa kriketi.

Bibi akashika ile ncha ya nyuma, akaanza kuuvuta uzi, akiuzungusha na kuuzungusha. Pete ikasogea. Ikakwama. Ikasogea. Ikapanda juu ya kifundo, mzee akaguna.

Ikatoka.

Sina alikuwa amesimama nyuma yetu, kikombe cha chai mkononi, hata sijui alifika saa ngapi.

Bibi Noeline alikikagua kidole. Akakikunja, akakikunjua, akakisugua pale palipobaki alama nyeupe. Akaridhika.

Akaifuta pete kwa kitambaa, akaifunga kwenye karatasi laini, akaninyooshea mimi.

"Mpe mke wake amtunzie," akaniambia. "Mwambie asilie. Kidole kipo."

Jamani mimi nililia pale. Sikujificha.

Mzee Merv aliichukua ile karatasi mkononi mwangu. "Nitampa mwenyewe, sista," akasema, sauti imekatika katikati. Akaufungua mkono wa mke wake, akaiweka humo, akaufunga.

Bibi akautazama mkono wake uliofungwa. Akaitia ile karatasi kwenye mfuko wa sweta, akaupigapiga mfuko.

Mzee Merv akainuka. Nadhani aliamini yamekwisha, kwamba sasa atafukuzwa.

"Unakwenda wapi?" bibi akamkaripia. "Kaa chini. Bado unatetemeka. Hakuna kuendesha gari katika hali hiyo."

Akakaa.

Niliwaacha hapo. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na kikatio changu mkobani sikukigusa.

Mpaka leo mzee Merv anakwenda kila jioni, na bibi anamkagua vidole kimoja kimoja. Hamjui ni nani, anajua tu ni mgonjwa wake anayeendelea vizuri. Anamruhusu amlishe.

Vinesh alirudi kazini baada ya msimu. Mzee Merv alikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi mbele ya Roshni. Sikuwepo. Vinesh aliniambia tu kwamba alimsikiliza, akampa chai, lakini hakumwambia kwamba hakuna neno. "Kwa sababu kuna neno, Zella," akasema. Na sikumbishia.

Amri ipo, inafuatwa. Lakini msidhani nimestarehe. Wiki iliyopita amekuja mkandarasi mmoja, kijana ana pete mbili, nimemwambia avue akanijibu, "Shangazi, mimi mwangalifu." Nusura nimzabe kibao.

Ninaloomba kwenu wasomaji ni moja. Kama nyumbani kwako au kazini kwako yupo mtu anayekusumbua kila siku kwa jambo lile lile, mpaka umemchoka, mpaka umempa jina la utani, usimbusu ukaenda zako.

Muulize ameona nini.